UZI: Tamasha la bure Mkunguni, Lamu. Mnaokuja na mnaotaka kujua, karibuni hapa

Mwana wa Langoni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wana jamvi, na wa dini zengine habari zenu. Kila Novemba ikikaribia naona watu waulizana yale yale, tiketi za tamasha la utamaduni la Lamu zauzwa wapi, bei gani, geti lafunguliwa saa ngapi. Ndugu zangu hakuna tiketi na hakuna geti. Ngoma zapigwa pale Mkunguni mbele ya ngome, katikati ya mji, pale pale ambapo siku zote watu hukaa chini ya mikungu wakanywa kahawa wakacheza bao, ila siku hizo watu ni wengi mpaka sakafu huioni. Mtoto aingia, bibi kizee aingia, mzungu aliyeshuka na ndege Manda jana aingia, mchukuzi wa punda asimamisha punda wake pembeni asikiza kidogo kisha aendelea na mawe yake. Hilo ndilo nataka tuliongee kwa urefu, manake naona maneno yaanza kuzunguka ati sasa watu walipishwe, pawekwe uzio, na mie hilo silitaki na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza niwape wanaokuja mara ya kwanza yatakayowafaa.

Tamasha lenyewe lipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ule ule mji mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, 2001. Mchana kuna mashindano, ya punda, ya mashua, ya kuogelea, bao, hina, mashairi. Yote mazuri, nendeni. Mimi hapa nazungumzia ngoma na nyimbo tu kwa sababu ndizo zinazoniweka mjini wikendi ile hata kazi zikinidai kwengine.

Kirumbizi, ngoma ya kuchezea bakora, usikiangalie kwa mbali. Fika alasiri mapema, wapigaji wakiwa bado wazipasha ngoma moto. Wawasha makuti au makaratasi chini, ngozi yazungushwa juu ya ule moto kidogo kidogo, mpigaji aigonga kwa kidole, asikiza, airudisha tena motoni, aigonga tena, mpaka itoe sauti anayoitaka yeye. Novemba ni vuli, hewa ina maji, ngozi yalegea, ndiyo maana kazi hii hurudiwa kila baada ya muda. Wageni wengi wapita hapo wakidhani ni maandalizi hayana maana waenda kutafuta soda, nami kila mara natamani kuwashika mkono niwaambie kaeni. Kisha zumari lalia. Mwangalie yule mpiga zumari usoni, mashavu yamejaa, apuliza na huku avuta pumzi kwa pua, sauti haikatiki hata kidogo, na watu wawili waingia uwanjani na bakora, wazunguka, wapimana, bakora yapanda na mwenzake aipokea kwa yake, na kule kugongana kwataka kuangukia kwenye mdundo wa ngoma. Akipiga nje ya mdundo hata kama amempata mwenzake watu waguna. Wazee waliokaa mbele ndio waamuzi na hawajaandikwa popote.

Goma ni lengine kabisa. Kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi, wamepanga safu, wajisukasuka taratibu kiasi kwamba mgeni adhani hawajaanza. Wameanza. Kaa nalo, usiangalie simu, baada ya muda utaona mabega yote ya safu nzima yaenda pamoja na bakora zainuka kama zimeshikwa na mkono mmoja. Na vugo la kina mama, pembe za nyati zagongwa kwa vijiti, hilo nyumbani kwake ni harusini kwa hiyo likiletwa uwanjani mjue mumepewa heshima.

Nitaendelea, ulizeni.

Msafiri wa bara

Shukran sana mkuu. Sisi ni kikundi cha marafiki tunatoka Nairobi, hatujawahi kufika Lamu. Tunafikaje na gari tunaacha wapi? Na kweli ni bure bure ama kuna kulipia ndani?

Bint Mkomani

@Msafiri wa bara karibuni sana. Gari mwaliacha Mokowe, bara, halivuki. Kisiwani watu watembea kwa miguu na mizigo huchukuliwa na punda au mikokoteni. Mkija na basi mwapitia Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe jeti, hapo mwapanda boti mwashukia ufukoni mjini, na kutoka hapo mpaka Mkunguni ni mwendo mfupi tu, fuateni watu. Ulizeni nauli ya boti kabla hamjakaa, wala msiwe na haraka kwa sababu boti ni nyingi.

Chumba tafuteni mapema, mapema haswa. Wikendi ya tamasha vyumba vya mjini vyaisha na watu wabaki kulala Shela, ambako ni kama kilomita tatu, na usiku taarabu ikikolea kurudi Shela ni kutafuta boti gizani. Lala mjini kama waweza.

Jengine kwa dada zetu wanaokuja. Hakuna anayekufukuza ukivaa unavyovaa kwenu lakini huu ni mji wa watu wenye dini, wazee wamekaa pale na watoto wao, leso moja begani yatosha na utaona watu wanavyokupokea. Mkitaka kuona vizuri usiku ulizeni kina mama wamekaa upande gani mwende mkae nao. Watasongea. Mie nimeona wageni wamekaa na mama zetu wakaelezewa kila beti, nani ametungiwa nini, kwa nini yule pale amecheka na yule mwengine amekunja uso. Hilo hulipati ukisimama nyuma na kamera.

Mwana wa Langoni

Ahsante dadangu umemaliza. Niongeze moja, swala. Misikiti imeuzunguka uwanja. Adhana ikianza spika zazimwa, na tangu magharibi mpaka watu watoke isha huwa kimya. Msikasirike mkaanza kuuliza mbona hakuna kinachoendelea. Hapo ndipo mwende mkale. Mishikaki, viazi karai, mkate wa mofa, mkate wa kumimina, maji ya ukwaju, na kahawa chungu na kashata. Hayo mwalipia, @Msafiri wa bara, na mlipe bila kuvutana sana manake yule mama amekesha anakanda.

Biashara Mbele

Nimesoma, uzi mzuri, lakini mniruhusu niseme kinyume. Kila kitu bure ndiyo sababu wasanii wetu ni maskini. Angalieni Zanzibar, tamasha la muziki la Sauti za Busara lafanyika kila Februari tangu 2004, wao wauza tiketi, mwenyeji alipa kidogo na mgeni alipa zaidi, na dunia nzima yaja. Kwa nini sisi Lamu tusiweke uzio Mkunguni, mgeni alipe, mwenyeji alipe shilingi kidogo tu ya heshima, pesa igawiwe wapigaji? Bure haina mwenyewe.

Mwana wa Langoni

@Biashara Mbele nakusikia ndugu yangu na najua wasema kwa kuwaonea uchungu wasanii. Hapo tuko pamoja. Ila wacha nikujibu kwa kirefu.

Busara naipenda na nawaheshimu wanaoifanya. Lakini wao walikuwa na Ngome Kongwe, uwanja ulio ndani ya kuta zake, wafunga mlango na mji waendelea na shughuli zake nje. Na hata wao tamasha huanza na gwaride la bure kupita mitaani, kwa sababu wajua bila wenye mji kuliona na kulifuata halina maana. Mkunguni hakuna kuta. Ngome yetu ilianza kujengwa kama 1813 ikamalizika kama 1821, ikaja kugeuzwa jela mpaka 1984, na miaka hiyo yote uwanja wa mbele umekuwa wa kila mtu. Soko liko ubavuni. Vichochoro vya Mkomani na vya Langoni vyote vyamwagikia pale. Ukiweka uzio pale umefunga mji. Mama akitoka sokoni na samaki wake apite wapi? Mzee aendaye kuswali aonyeshe tiketi?

Na nimeyaona kidogo. Kulikuwa na shughuli moja pale, siitaji ya nani, wakaleta hema na makochi ya wageni wa heshima wakayaweka mbele kabisa, na kamba. Wale wazee niliowataja, wanaokaa mbele siku zote, wakasukumwa nyuma ya kamba. Kwenye makochi wamekaa watu waliokuwa wakiongea na simu. Basi goma likapigwa, na kila anayelijua alijua kwamba halikupigwa, lilipitishwa tu. Wachezaji walikuwa wakiangalia mbele hawaoni uso wa kuwajibu. Mzee akiwa pale mbele, mchezaji akikosea hata kuinua bakora aona ule uso, akipatia aona kichwa kikitikiswa. Mtu aliyenunua tiketi kutoka mbali hawezi kumpa hilo, si kosa lake, hajui tu. Ukiwatoza wenyeji hata shilingi hamsini, wale mafukara ndio wa kwanza kubaki nyumbani, na kati ya hao mafukara ndimo walimo wajuzi wa ngoma wa mji huu.

Kuhusu pesa za wasanii. Nenda kwenye taarabu usiku uangalie kutunza kunavyofanyika. Mwimbaji afika kwenye beti, kuna mama huko nyuma imemgusa, labda yasema jambo ambalo yeye mwenyewe hangeweza kumwambia jirani yake, ainuka, noti ameikunja vidoleni, aja akicheza taratibu katikati ya watu, hana haraka, wote wamemuona, afika mbele amtunza mwimbaji, arudi. Na mwimbaji airudia beti ile ile. Wengine nao wainuka. Hiyo pesa yatoka kwa mtu mwenye sababu ya kuitoa. Mgeni nawe watunza, hukatazwi, watu hufurahi sana. Kama umekaa usiku mzima umesikiza udi na fidla bure na umelipia chumba ghali, inuka.

Sasa hiyo haitoshi, najua. Ndiyo maana nasema anayeandaa awalipe vikundi kabla ya siku, kwa makubaliano yaliyoandikwa, nauli za wanaotoka Pate, Siu na Faza zitolewe mapema, na chakula chao kiwepo. Wenye mahoteli na maboti wafanya biashara kubwa wikendi ile, wachangie. Pesa itafutwe huko, iache kutafutwa kwa mtoto wa Langoni anayetaka kuona kirumbizi.

Biashara Mbele

Hapo kwa mahoteli nimekuelewa na nakubaliana. Bado nasema mgeni angeweza kulipa kitu. Lakini hilo la wazee kukaa mbele sikuwa nimelifikiria hivyo.

Kijana wa fundi mitambo

Mimi hufunga spika shughuli za pwani, niseme upande wetu. Mkunguni si pahali rahisi. Kuta za mawe pande zote, sauti yagonga ukutani yarudi, ukipandisha juu kila kitu chachanganyika. Watu wengine wadhani tamasha kubwa lataka spika kubwa. Kwa bendi ya kibodi sawa, lakini kwa udi? Udi ukiuweka kwenye spika zile zile za bendi na kibodi ikiwa juu hausikiki, utasikia tu kitu chalialia. Na zumari na ngoma ya msondo hazitaki spika kabisa! Zilitengenezwa za kupigwa nje. Nikiwa mimi ndiye fundi, ngoma nazima kila kitu, taarabu naweka spika ndogo ndogo kuzunguka uwanja badala ya mbili kubwa mbele. Tatizo mwenye shughuli akilipia spika kubwa ataka azisikie.

Mwana wa Langoni

@Kijana wa fundi mitambo Mwenyezi Mungu akuzidishie. Huu ndio mji uliomzaa marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi ambaye pwani nzima yamjua, halafu watu waje Lamu waondoke hawajausikia udi wazi hata mara moja? Naomba kila mwenye kuandaa asome ulichoandika.

Shabiki wa Watamu

Samahani mie nachanganya, hili ndilo lile la Maulidi? Manake binamu yangu alikuja akasema kulikuwa na matari na watu kutoka kila nchi.

Maalim wa jirani

Hapana mwanangu, ni mambo mawili tofauti. Maulidi ya Lamu yafanyika Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kitovu chake ni msikiti wa Riyadha, Langoni, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Tarehe zake zafuata mwezi kwa hiyo kila mwaka zarudi nyuma kwenye kalenda ya kawaida. Wageni huja kutoka Tanzania, Visiwani, Komoro na kwengineko, wakaribishwa majumbani, walishwa. Nako hakuna tiketi. Matari yapigwa, zefe lapita mjini, na pembeni mna michezo pia, kwa hiyo kwa macho ya mgeni yafanana. Lakini ile ni ibada. Anayetaka kuja aje, karibu sana, avae kwa adabu, avue viatu pa kuvua, na asiwapige watu picha wakiwa katika dhikri. Tamasha la utamaduni ni la kujifurahisha na la kuonyesha mila. Yote ni ya kwetu, kila moja na mahali pake.

Mwana wa Langoni

Ahsante maalim, nilikuwa naogopa kulijibu nikakosea adabu.

Mgiriama wa Malindi

Nimefuatilia uzi tangu jana na kama mtu wa Malindi naona wivu, nasema wazi. Sisi mji tunao, bustani ya katikati ya mji tunayo, pale penye sanamu ya Mekatilili wa Menza, shujaa wetu Wagiriama. Ngoma je? Gonda, mwanzele, kayamba zikilia mtu wa Malindi hawezi kukaa kwenye kiti. Na Agosti kuna sherehe za kumkumbuka Mekatilili ambazo wazee huzishika vizuri sana, za bure, watu huja kutoka vijijini. Lakini wikendi nzima ya muziki katikati ya mji, ambapo mtalii aliyezoea ufuoni akae na mtu wa Muyeye na mtu wa Ganda wasikize kitu kimoja? Hiyo sijaiona kwetu ikashika. Mtalii hupelekewa ngoma hotelini, wachezaji wanaletwa na gari la mizigo, wacheza kwa nusu saa karibu na kidimbwi cha kuogelea watu wakila, warudishwa. Nimekuwa miongoni mwa wachezaji hao. Hakuna anayejua unachocheza, mwanzele unakatwa katikati kwa sababu keki imefika. Kwa hiyo @Biashara Mbele, ile pesa ya mgeni unayoisema sisi tumeionja, na ngoma ilipungua. Nyinyi Lamu msikubali uwanja wenu uondoke.

Bint Mkomani

Subhanallah, mwanzele umekatwa kwa keki. Poleni ndugu zetu.

Mwana wa Langoni

@Mgiriama wa Malindi umenigusa. Na nakuambia anzeni hata na kidogo, alasiri moja ya Jumamosi bustanini, kikundi kimoja cha gonda na kimoja cha mwanzele, bila jukwaa, chini kwa chini, wazee wawekewe viti mbele. Msingoje mfadhili wa jukwaa. Jukwaa huinua watu juu na ngoma zetu nyingi zataka duara. Mkianza, wengine wetu twaja, kutoka Lamu mpaka Malindi siku hizi ni barabara ya lami.

Msafiri wa bara

Nimejifunza mengi, asanteni. Maswali ya mwisho: ikinyesha? Na watoto wadogo ni sawa usiku? Tunaye mmoja wa miaka minne.

Mwana wa Langoni

Mvua ya vuli mara nyingi yapita haraka, watu wajibanza barazani kisha warudi. Bebeni kitu cha kuikinga simu, na viatu vya kushika, manake vichochoro vikilowa vyateleza na kuna kinyesi cha punda. Punda akija nyuma yako ukasikia mtu apaaza sauti, jibane ukutani umpishe, hawezi kusimama ghafla na mzigo.

Mtoto mleteni. Wetu wote wapo, wengine walala mapajani mwa bibi zao ngoma ikiendelea. Mukae upande wa kina mama kama Bint Mkomani alivyosema, kuna njia ya kutoka haraka akilia.

Msafiri wa bara

Sawa kabisa. Basi tumeamua, chumba tumeshapata mjini. Ijumaa asubuhi tutakuwa Malindi tunangoja basi, kuna mwingine anayesafiri siku hiyo?

Mgiriama wa Malindi

Mimi na wenzangu wawili wa kikundi. Tunataka tukazungumze na hao wapiga kirumbizi wenyewe. Nitumie ujumbe tupange basi moja.

Mwana wa Langoni

Mkifika jeti ya Mokowe mniandikie hapa hapa, nitawapokea ufukoni.